Gobori la Mama Maganga

Siku baba yangu alipofyatua bunduki kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake, alianguka chali katikati ya mabua ya mtama, miguu juu, na moshi wa baruti ukamfunika mpaka nikadhani ameungua. Kundi la kanga alilolilenga liliinuka lote, bila kuacha hata unyoya, likapita juu ya vichwa vyetu kwa zile kelele zao za bawaba zenye kutu, likatua ng'ambo ya korongo. Nilikimbia kumwinua. Mama mkwe wangu, Limi, hakukimbia. Alisimama pale pale, mkono kiunoni, akimtazama mbwa.

Mbwa ndiye aliyekuwa taabani. Posta alifundishwa kazi moja tu, kuokota ndege walioanguka na kuwaleta, na mlio wa bunduki kwake ulikuwa na maana moja. Aliingia kwenye mabua akayapekua. Akakizunguka kichuguu. Akarudi, akatutazama mmoja mmoja kama anayeuliza nani kaficha, kisha akashuka mbio upande wa kijijini akapotea. Baba alikuwa bado anajipangusa vumbi mbwa alipotokea tena, akija kwa ule mwendo wake wa heshima, shingo imenyooka, na mdomoni amembeba kuku mwekundu wa Eufrasia, mke wa katekista. Kuku alikuwa hai. Hakuwa na jeraha lolote, ila macho yake yalikuwa ya mtu aliyetukanwa mbele za watu. Posta akamweka mikononi mwa mama mkwe, akaketi, akangoja kusifiwa.

Hapo ndipo nilipomsikia Limi akicheka. Nilikuwa nimekaa naye tangu kuolewa kwangu na sikujua kama ana kicheko. Kilianza kifuani, kama kikohozi, kikapanda, kikamwinamisha mpaka akamkumbatia yule kuku ili asianguke. Baba alijaribu kununa. Akashindwa. Tukacheka watatu, na kuku naye akapiga kelele, na Posta, kwa kuona kazi yake imependeza, akatikisa mkia akaondoka kwenda kuleta mwingine, ikabidi nimkimbilie kumzuia.

Lakini baba hakuja kwetu kuwinda. Alikuja kunichukua.

Niliolewa katika boma lile mwaka uliofuata ule wa nzige. Kwetu ni Kagongwa. Kwa mume wangu, Maganga, ni ng'ambo ya mto Manonga, upande wa Shinyanga, pale mbuga nyeusi inapoanza na miti kukoma. Hata ile miti michache iliyokuwapo serikali iliwaamuru watu waikate kwa sababu ya mbung'o, kwa hiyo ukisimama mlangoni uliona mbali mpaka macho yanachoka. Maganga alikuwa mtoto pekee wa Limi, kijana mcheshi, mwepesi wa kuahidi. Alibeba mataruma reli ilipokuwa inajengwa, na alichokileta nyumbani kutoka kazi ile, zaidi ya kovu begani, ni kitoto cha mbwa ndani ya kikapu. Mama yake kile kitoto alikuwa jike la Mzungu mmoja wa reli. Baba yake, mbwa yeyote wa kambini. Masikio yalimning'inia kama vipande vya ngozi vilivyoanikwa. Maganga alimwita Posta kwa sababu tangu udogo wake alichukua kila alichokikuta, kata, mwiko, kiatu cha mgeni, akakuletea mpaka mkononi bila kukitoboa.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa wa kiume. Alishikwa na homa kabla hajaanza kukaa, tukamzika nyuma ya uzio wa minyaa. Baada ya hapo Maganga hakuweza kutulia nyumbani. Siku zile Geita palikuwa pamefumuka dhahabu. Kila kijana aliyepita njiani alikuwa na habari za mtu aliyeinama kunywa maji kijitoni akainuka tajiri. Akaniambia atarudi kabla ya mvua. Mvua ikaja, ikaisha, ikaja tena.

Nikabaki na mama yake. Limi alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiye na neno la ziada. Asubuhi alisema "Mwangaluka," nami nikaitikia, na mara nyingi salamu hiyo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kutwa nzima. Mtoto alipokufa, wanawake wa kijiji walikuja kunililia na kunishika mikono. Yeye hakunishika. Aliteka maji, akapika, akafagia, akapita mlangoni kwangu bila kugeuka. Niliamini ananichukia, kwamba ananihesabia kifo cha mjukuu wake. Nililala siku nzima nikitazama paa. Michembe ya viazi vikavu aliyoniwekea niliiacha mpaka kuku wakaingia kuidonoa.

Asubuhi moja akasimama mlangoni, ameshika kitu kirefu kilichofungwa kwenye ngozi ya mbuzi.

"Amka," akasema. "Leo tunakula nyama."

Ndani ya ile ngozi mlikuwa na gobori. Kila mtu kijijini alijua kuwa bunduki ile ilikuwa ya marehemu mumewe, na kwamba mzee yule alikuwa na shabaha ya ajabu. Wasichojua wengi ni kwamba mkono wake wa kulia ulipooza Maganga akiwa bado anatambaa. Kwanza Limi alimshindilia tu baruti. Baadaye akawa anamshikia mtutu. Mwisho wake akawa anajilaza yeye kwenye nyasi na kufyatua, huku mumewe ameketi kando ametulia, kisha mzee ndiye anayerudi kijijini na kanga begani. Watu walimsifu, naye alizipokea sifa kwa adabu, kisha nyumbani akamkatia mkewe paja la ndege kabla ya mtu mwingine yeyote kula.

Alipokufa, Limi aliendelea. Hapo manung'uniko yakaanza. Mwanamke na bunduki! Mvua itakatika, ng'ombe watatupa mimba. Mwanangwa, mkubwa wa kijiji, alikuja mwenyewe kumkataza. Limi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwekea chungu cha kanga aliyeungwa kwa karanga. Mwanangwa alikula, akafuta mdomo, akasema jambo hilo atalifikiria. Alikuwa bado analifikiria mimi nilipoolewa, na kila baada ya mavuno alikuja kulifikiria tena.

Siku ile ya kwanza sikuelewa naitiwa nini. Nilimfuata tu kwa sababu kukataa kungehitaji nguvu kuliko kwenda. Jua lilikuwa linachomoza, umande umelowesha vifundo vya miguu, na kule mbele yetu, kwenye shamba la chini karibu na korongo, kanga walikuwa wamemwagika kama mawe ya kijivu, wanachakura. Limi alininong'oneza nizunguke kwa mbali na kuwasogeza polepole, nisipige kelele, nitembee tu kama mtu anayetafuta kuni. Kanga hapendi kuruka. Ukimsogeza taratibu atakimbia kwa miguu, na wote watajipanga mstari mmoja nyuma ya mkubwa wao. Niliwasogeza. Walipita mbele ya kichaka alichojificha, wamesongamana shingo kwa shingo. Mlio ukapasuka. Posta akaruka kama aliyetemwa na ardhi.

Aliwaleta mmoja mmoja. Aliyejeruhiwa bawa alikimbia mpaka mbugani, na Posta akamfuata huko huko, tukangoja, akarudi naye anapigapiga bawa usoni mwake, amefumba jicho moja asipofushwe. Hakumtoboa. Akamtia mkononi mwa mama mkwe, akaenda kunywa maji.

Adhuhuri ile nilikula. Nilikula mpaka nikalamba vidole, na nilipoinua macho nikamkuta Limi ananitazama, na haraka akageuza uso kama niliyemfumania anaiba.

Kuanzia hapo tukawa tunatoka pamoja. Alinifundisha kupima baruti kwa kiganja, kuishindilia kwa mdeki bila pupa, kuweka nyuzi za katani, kisha punje za marisau, kisha nyuzi tena, na fataki mwisho kabisa, ukishajua mwenzako yuko wapi na mbwa yuko wapi. Alinifundisha kukaza kitako begani ili kisinipige. Mazungumzo yetu yaliongezeka kidogo kidogo. Yalikuwa ya ndege: wamelala wapi, wamekunywa wapi, upepo unatoka wapi. Lakini mtu akikueleza kila siku upepo unatoka wapi, unafika wakati unaijua sauti yake kuliko ya mama yako.

Kitu kimoja tu hakikubadilika. Posta hakuwa tayari kunipa ndege. Hata nikimpiga mimi, alinipita mguuni kana kwamba mimi ni kisiki, akampelekea Limi. Nilimbembeleza, nikamnyima mifupa, nikampa mifupa, wapi. Ikawa siku moja nimempiga kwale akitimka kwenye nyasi, risasi ninayojivunia mpaka leo, na Posta akaja naye, akasimama katikati yetu, akamtazama Limi, akanitazama mimi, kisha akaja akaniwekea yule kwale kiganjani, akiwa na joto bado, na mate.

Limi akachukua mdeki wake, akasema, "Haya. Sasa umeolewa."

Baba alikuja kiangazi cha pili tangu Maganga aondoke. Alikuja na uso mkali na fimbo yake ya kuchungia, akaketi, na kabla hajamaliza maji aliyopewa akasema, "Mama Maganga, nimekuja kumchukua binti yangu."

Nilikuwa nje nachambua mboga. Kisu kilinidondoka.

"Ni haki yako, Baba Mbuke," Limi akajibu kwa utulivu. "Lakini mgeni haondoki kwangu bila kula nyama. Kesho asubuhi twende tukatafute kitoweo."

Kesho yake akamkabidhi gobori kwa mikono miwili, kwa kuwa yeye ni mwanamume na ni mgeni. Baba yangu, Bujiku, alikuwa mtu wa ng'ombe. Aliwajua ng'ombe wake kwa kukohoa. Bunduki hakuwahi kuigusa, lakini angesemaje hivyo mbele ya mkwe wake na binti yake? Akaipokea. Ndivyo ilivyotokea akaanguka chali, na ndivyo Posta alivyokwenda kutafuta alichokipata.

Tulipokwisha kucheka, Limi alimkumbatia kuku akasema atampeleka kwa mwenyewe kabla Eufrasia hajaanza kumlilia. Baba na mimi tukabaki tumeketi kwenye kivuli cha kichuguu. Alikuwa anasugua bega lake. Ukali ulikuwa umemtoka usoni, na bila huo ukali niliona amezeeka.

"Mkwe wako ni mtu mwema," akasema. "Nilikuja na maneno mengi kifuani. Nilidhani umefanywa mtumwa wa mjane."

"Nani alikwambia hivyo, baba?"

"Hakuna aliyeniambia. Ujumbe ulikuwa mfupi, nikaujazia mwenyewe. Yule Mageni, mchuuzi wa ng'ombe, alikuja akasema: Limi anakuagiza ukamchukue mwanao asije akazeekea hapa bure."

Nilimsikia, na nikadhani sikumsikia.

"Limi ndiye aliyekuagiza?"

"Yeye mwenyewe. Hukujua?"

Nakumbuka nilichimba ardhi kwa kidole mpaka kucha ikauma. Nilikuwa nimepoteza mtoto, nikampoteza mume asiyejulikana yuko wapi, na nilikuwa nimejiambia kwamba walau mtu mmoja chini ya jua amenichagua. Kumbe huyo mmoja ndiye aliyenifungashia mizigo kimya kimya, huku akinionyesha upepo unatoka wapi.

Limi alirudi, akanitazama mara moja, akajua. Alishindilia bunduki, akanipa mimi.

"Wamevuka korongo," akasema. "Baba Mbuke, wewe pumzisha bega. Twende, Mbuke."

Tulivuka. Kanga walikuwa wamekusanyika kwenye nyasi fupi. Niliwalenga huku machozi yananififisha mtutu, na nilipofyatua mmoja tu ndiye aliyepatwa, tena bawani. Alijinyanyua akatimka kwa miguu kuelekea mbugani, Posta nyuma yake, mpaka wote wawili wakawa vumbi dogo kule mbali. Hatukuwa na la kufanya ila kumngoja mbwa. Tukaketi chini.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

"Ningekuambia ungekataa."

"Basi nakataa sasa."

"Sasa baba yako ameshakuja na miguu yake. Humkatai mzazi wako mbele yangu. Nakujua."

Na kweli alinijua. Upepo ulikuwa unatoka kusini. Yeye hakuutaja, lakini nilimwona anaupima kwa shavu.

"Mimi nilimlinda mume aliyepooza tangu ujana wangu," akasema. "Sikuchoka. Alikuwa wangu, alikuwapo, nilimwona akicheka. Wewe unalinda nini pale? Kitanda kitupu. Mwanangu angekuwa anarudi angerudi. Mimi ni mama yake, nalisema hili kwa kinywa changu. Wewe una damu bado, utapata mume, utapata watoto. Unalinda nini, Mbuke?"

Nilitazama ng'ambo ya korongo, kwenye mabua.

"Nalinda mtama," nikasema.

Akageuza uso upande wa mbuga. Aliutazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika kumtafuta mbwa. Posta alipotokea hatimaye alikuwa anajikokota, ulimi nje, kanga mdomoni. Hakutufikia. Alilala chini njiani, ndege katikati ya miguu yake, akatungoja sisi tumwendee. Hapo nikaona kwamba naye amezeeka.

Niliondoka na baba siku iliyofuata. Limi alinipa kanga aliyekaushwa kwa moshi, amefungwa kwenye majani, akarudi kusafisha mtutu kwa maji ya moto. Kazi ile angeweza kuifanya wakati wowote.

Kagongwa walinipokea vizuri. Mama alinipikia, dada zangu walinisuka. Wachumba walitajwa. Mimi nilifanya kazi zote nilizopewa, na jioni kabla ya giza nilikwenda pembeni ya shamba kutazama kwale wanapoingia kulala. Baba naye alipata hadithi. Kila mgeni aliyefika alisimuliwa habari za bunduki, kuku wa katekista na mbwa mwenye masikio ya ngozi, na kila aliposimulia alianguka mbali zaidi na kuku akawa mnene zaidi. Alikuwa akisimulia huku ananiangalia mimi, kama ninacheka. Nilicheka kwa kumheshimu.

Mvua zilikuwa zimeisha na mtama unakomaa Mageni alipopita tena na ng'ombe wake, akitokea upande wa Katoro. Hakuketi. Alimwita baba pembeni. Nilikuwa natwanga, nikaona baba anavua kofia yake, nikaacha kutwanga.

Maganga alikuwa amekufa. Shimo walilokuwa wakichimba, yeye na wenzake, liliwaporomokea tangu msimu uliopita, na wenzake waliopona walimzika huko huko Geita. Mageni alimwona aliyemzika. Alitaja kovu la begani.

Nilinyolewa kichwa. Na walipokuwa wakininyoa nilikuwa nawaza jambo moja tu: kule ng'ambo ya Manonga kuna mama ambaye bado hajui. Mageni alisema njia yake haipiti huko. Baba akasema atatumwa mtu.

"Nitakwenda mimi," nikasema.

Baba hakubishana. Alichukua fimbo yake.

Tulimkuta kwenye shamba la chini, peke yake, bunduki mkononi, Posta kando yake. Mtama ulikuwa umeinamisha vichwa. Posta ndiye aliyetuona kwanza. Alikuja mbio, akanirukia kifuani kama kitoto, akalia kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mbwa. Limi aligeuka. Kwa mbali nikaona bega lake linashuka, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Umechelewa," akasema nilipomkaribia. "Kanga wameshaingia huku chini. Peke yangu siwawezi, nikiwazuia huku wanapitia..."

Kisha akaona kichwa changu.

Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nilikuwa nayo mengi, ya heshima, yenye mwanzo na mwisho. Sikusema hata moja. Nilimshika mikono yote miwili, pamoja na bunduki aliyoishika, na yeye akayasoma yote usoni mwangu, polepole, kama anayesoma anga.

"Wapi?" akauliza.

"Geita, mama. Shimoni. Wamemzika."

Akatikisa kichwa kwa kukubali, mara kadhaa. "Ina baruti," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Sitaki ilale nyumbani leo ikiwa na baruti." Akajitoa mikononi mwangu, akaelekeza mtutu juu mahali pasipo na kitu, akafyatua.

Posta akatoka mbio. Tulisimama tunamtazama akitafuta. Alipekua mtama mstari kwa mstari. Alikwenda mpaka korongoni akarudi, akainua pua, akaenda tena. Limi akamwita. Hakuja. Akamwita tena, na safari hii jina la mbwa lilivunjika katikati, na sauti iliyotoka baada yake haikuwa ya kumwita mbwa. Alipiga magoti kwenye udongo, nami nikapiga magoti naye. Nilimshika kichwa kikalala kifuani kwangu. Sikujua kuwa kilikuwa kidogo vile. Baba alisimama mbali, ametupa mgongo, kofia mkononi.

Matanga yalikuwa marefu. Watu wote walikuja, hata wale waliosema mvua itakatika. Eufrasia alileta kuku, na sikuuliza kama ni yule. Siku ya kuvunja matanga wazee waliketi kuzungumzia mjane. Maganga hakuwa na ndugu wa kunirithi. Ilikuwa wazi kwamba baba amekuja kunirudisha nyumbani, na ni nani angemlaumu. Limi aliketi kando na wanawake, mikono mapajani. Alikuwa ameshanifungia mzigo wangu. Niliuona ulipo.

Baba akaomba kusema. Hakuwa msemaji, na alianza kwa kukohoa.

"Mara ya kwanza nilimtoa mwanangu kwa Maganga," akasema. "Maganga hayupo tena. Nilimchukua, nikakaa naye. Anakula, anafanya kazi, ananiitikia. Lakini nimemwona akicheka mahali pamoja tu. Kwa hiyo leo namtoa mara ya pili. Namtoa kwa Limi. Siku akitaka mume, mume huyo atakuja kuposa hapa, kwa mama huyu, na mimi nitaitwa nije kula. Asiyeelewa aniulize mimi."

Mwanangwa alijikuna kidevu, akasema jambo hilo ni geni, atalifikiria.

Limi hakuinua kichwa. Aliinuka, akapita katikati ya watu mpaka ulipokuwa mzigo wangu, akaufungua, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja na kuvirudisha mahali pake: kibuyu, kanzu yangu ya maua, kitana. Watu waliendelea kuzungumza. Mimi nilimtazama yeye.

Tuliwinda pamoja miaka mingi baada ya hapo. Posta alikufa kwa uzee, na mwingine akaja, mzuri wa mbio lakini mtafunaji. Mume nilimpata, mtu mpole aliyekubali kujenga karibu na mama mkwe asiye wa kwake, na watoto wangu walimwita Limi bibi bila kuelezwa lolote.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni siku moja ya kawaida, mwanzoni mwa mvua zilizofuata msiba. Tulikuwa tumeketi uani tunanyonyoa kanga, beseni la maji ya moto katikati yetu, mawingu yanakusanyika upande wa Manonga. Tangu matanga Limi hakuwahi kutaja jina la mwanawe, nami sikulitaja. Mara akaacha kunyonyoa.

"Maganga alikuwa analia," akasema. "Akiwa mdogo. Nikinyonyoa ndege alikuwa analia kwamba watasikia baridi. Anakwenda analeta nguo yangu, anawafunika." Alicheka, kwa kile kicheko chake cha kifuani. "Mara nyingine nilikuta ameshawalaza kitandani, wamejipanga, amewafunika mpaka shingoni."

Matone ya kwanza yakaanza kuanguka. Sikuinuka. Nilivuta beseni karibu na ukuta, chini ya upenu wa paa, nikachukua ndege mwingine, nikamngojea aendelee.